Mshipi wa Samaki Haumshushi Mtu Shimoni

Mafia,
Jumamosi baada ya kazi

Kaka Masanja, Baba Nyamizi,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu mama yetu, mayu, alitulea hivyo, na mtu humwamkia mkubwa wake hata siku ambayo angependa kumkunja shati. Hamjambo nyumbani? Miguu ya mayu inaendeleaje, na zile dawa za hospitali ya Kolandoto anazimeza au anazificha chini ya mto kama za kwanza? Mvua imewafikia? Pamba imeshika? Mimi mwili ni mzima, ila tangu barua yako ifike juzi chakula hakipiti, na wenzangu wa hapa klabu ya uvuvi wananiuliza kama nimegombana na mtu. Nawaambia ndiyo, nimegombana na kaka yangu, isipokuwa yeye bado hajui.

Sasa ujue.

Barua yako ya mwezi uliopita ilinieleza kwamba shimo lenu la dhahabu upande wa Segese limefika kwenye mwamba mzuri, na kwamba mdogo wetu Shija ndiye anayeshuka. Ukaeleza kuwa kamba ya katani imeoza kwa maji ya shimo, na tangu vita viishe duka la ushirika halijaona kamba nyingine, hata chumvi mnaipangia foleni. Hayo naelewa, huku pia sabuni tunaisikia kwa majina. Halafu ukaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba nisiwe na wasiwasi, maana mmechukua ile kamba ya kuvulia niliyokuja nayo likizo, mkaisokota nyuzi tatu, na sasa ndiyo inayomshusha na kumpandisha Shija. Ukanishukuru.

Nilitoka mbio mpaka posta, mikono inanuka chambo, karani akanitazama kama mwendawazimu. Nikatuma simu ya maandishi: ONDOA MSHIPI SHIMONI HATARI. Nikarudi kazini nikijiona nimeokoa mtu.

Juzi jibu lako likaja. Unasema simu ilifika Shinyanga, dereva wa lori akawaletea mpaka machimboni. Unasema neno mshipi lilikushinda, ukamwita katekista wa kigango, naye akakueleza kwamba mshipi ni ule anaojifunga padri juu ya kanzu, yaani mkanda. Mkakaa kikao. Mkaona nina akili, kwa sababu mkanda unaweza kunasa kwenye jiwe. Basi Shija, ambaye mwanzoni alijifunga mkanda kiunoni na kamba ikafungwa kwenye mkanda, mmemvua. Sasa anaingiza mguu kwenye kitanzi na kujishikilia kwa mikono miwili. Na umemalizia hivi: "Tumefuata shauri lako, mdogo wangu. Wabeja sana."

Kaka, nilipofika hapo kwenye asante yako, hiyo wabeja sana, nilitupa barua chini, nikaiokota, nikaitupa tena.

Huku pwani mshipi ni uzi wa kuvulia samaki. Mkanda wanauita mkanda, kama sisi. Kila nilipokuwa nikikuandikia zamani nilisema kamba, kwa sababu najua naongea na nani. Lakini nashinda na watu wa huku, nakula nao, natukanwa nao, na siku ile ya haraka neno lao ndilo lililotangulia. Haya, hilo ni langu. Lakini ninyi watu wazima mlikaa kikao, na kata ya pombe ya mtama ikizunguka bila shaka, na hapakutokea hata mmoja wa kuuliza kwa nini mtu atume simu kutoka Mafia kwa ajili ya mkanda wa suruali? Mkanda ungekuwa na hatari gani ya kunikimbiza posta? Mlitaka kutii tu ili mmalize habari. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini siku ile naona nyote mlikuwa mmenyoa.

Unaniambia pia kwamba mlijaribu kwanza. Mlining'iniza gunia la mawe, likashuka, likapanda. Na unanikumbusha kwamba mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha marehemu baba, niliwaambia kamba hii inavuta samaki mzito kuliko fahali. Nilisema, ndiyo. Nilisema inavuta samaki. Sikusema inabeba mtu.

Nisikilize sasa, maana hili hukulisikiliza wakati ule, ulikuwa unacheka jinsi wazungu wanavyolipa nauli kubwa kuja kuhangaika na samaki wasiyemla. Kazi yangu ni chumba cha vifaa. Kila fimbo ya kuvulia ina mshipi wake, na kila mshipi una rili yake, yaani lile gurudumu lenye breki ambalo mshipi unazungushiwa. Ni kama mafiga. Ukichukua figa moja kubwa na mawili madogo, chungu kitamwagika hata kama kila figa peke yake ni zuri. Fimbo nene ukiipa mshipi mwembamba, haipindi, na mshipi unakatika. Fimbo laini ukiipa mshipi mnene, fimbo ndiyo inavunjika. Na rili ikikazwa breki mpaka mwisho, basi hakuna kitu kitakachopona. Samaki akivuta, fimbo inainama, rili inaachia kidogo, chombo nacho kinamfuata. Mshipi haujawahi kufanya kazi hiyo peke yake hata siku moja. Ninyi mmeuchukua peke yake, mkaufunga kwenye gogo lisiloinama wala kuachia, mkamtundika ndugu yangu.

Nikupe mfano nilioushuhudia kwa macho, tena si wa zamani. Mgeni mmoja alinasa nduaro, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki. Walishindana naye asubuhi nzima. Mshipi ulikuwa mpya, nimeuweka mwenyewe kwenye fimbo yake na rili yake, haukulegea wala kuchanika. Samaki akafa, akaletwa ubavuni mwa boti amelala kwenye maji kwa utulivu. Nahodha wetu, Mzee Faki, akasema tumfunge mkia kwa kamba ya nanga ndipo tumpandishe. Mgeni akakataa, ana haraka ya kupiga picha, akatuamuru tuvute kwa mshipi uleule, kwa hoja kwamba kama umemshinda akiwa hai hautashindwa naye akiwa maiti. Hoja yako hiyo, kaka. Tukavuta. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka, na kabla tumbo halijatoka mshipi ukakatika ukaturudia usoni. Samaki akazama tukimwangalia. Mgeni akanigeukia mimi, kwamba nimempa mshipi mbovu, nikatukanwa hadi nchi kavu. Mzee Faki ndiye aliyemjibu, kwa sauti ya chini.

"Samaki hakubebwa na mshipi, bwana. Alibebwa na maji."

Katika shimo lenu mna maji gani ya kumbeba Shija?

Na huo ulikuwa mpya. Niliokuja nao nyumbani ulikuwa umetupwa. Wageni wakimaliza msimu tunauvua wote kwenye rili na kuutupa, kwa sababu jua na chumvi vimeshaula, hata kama kwa macho unang'aa. Niliuokota ili wewe na shemeji mvulie kambare kwenye lambo. Kambare, kaka. Ukiusokota nyuzi tatu zilizochoka hupati kamba, unapata uchovu mara tatu. Na pale unaposugua ukingo wa mwamba kila siku, kila anaposhuka na kila anapopanda, unaliwa kidogokidogo mahali ambapo ninyi mlio juu hamuoni. Gunia la mawe halichezi likiwa hewani, halipigi teke ukuta, halitoi jasho mikononi. Shija anafanya yote hayo.

Pembeni mwa barua yako Shija ameandika mstari wake mwenyewe. Sijui kama uliuona. Amesema: "Kaka Doto, kamba yako inaimba nikifika katikati, nasikia raha." Kaka Masanja, sisi tunaoshinda na mshipi tunaujua wimbo huo. Ukianza kuimba baharini, Mzee Faki anapiga kelele tulegeze breki, na sisi tunainamisha vichwa ili usije kutukata macho. Nimelisoma lile neno raha nikalia mchana kweupe, mbele ya wapishi, na sioni aibu kukwambia. Mtoto huyu alitufuata tumboni mimi na pacha wangu Kulwa, ndiyo maana ya jina lake. Nilimbeba mgongoni kwenda kuchunga. Na wewe unamtundika juu ya takataka niliyoiokota jaani.

Nilikwenda kwa meneja kuomba ruhusa nije mwenyewe. Akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Akasema ruhusa ipo kwa msiba, na wageni wa nduaro wanaingia wiki hii, kwa hiyo nisubiri. Nisubiri nini? Nilimuuliza hivyo hivyo, akaniambia niache ujeuri. Naona watu wa namna moja wako kila mahali, huku wanavaa kaptula nyeupe tu.

Basi nimefanya ninaloliweza. Mzee Faki amenipa kamba ya nanga, nene kama kidole gumba cha mwanamume, haijaguswa na jua zaidi ya mwezi. Hakuuliza maswali mengi. Nilipomweleza, alikwenda kuifungua kwenye boti yake mwenyewe na kuniwekea mabegani. Inavuka bahari kwa chombo, kisha inakuja kwa treni mpaka stesheni ya Shinyanga kwa jina lako. Nenda kaichukue wewe, usimtume mtu, na usije ukaikata vipande kufungia ng'ombe. Mpaka kamba hiyo ifike, shimo lilale. Dhahabu haiozi. Imekaa humo tangu dunia iumbwe, haitakasirika ikikaa wiki mbili zaidi. Na mkanda mrudishie kiuno chake, nao ufungwe vizuri.

Leo pia nimetuma simu nyingine. Nimeandika KATA KAMBA YA SAMAKI SHIJA ASISHUKE. Nakuomba katekista asiifasiri. Mwambie namheshimu sana Jumapili.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo ingenifaa nilinyamazie, kwa kuwa wewe ni mkubwa na baada ya baba wewe ndiye baba. Lakini nikilinyamazia nitapasuka. Barua zako mbili nimezichambua kama mtu anayetafuta kokoto kwenye mchele. Umeniandikia jinsi mnavyochimba, jinsi mwamba unavyometa, nani anakaa juu, nani anavuta, nani anaponda mawe. Hakuna mahali hata pamoja uliposema kwamba wewe umeshuka. Kila ukitaja kushuka unamtaja Shija. Najua utasema yeye ni mwepesi na wewe una mgongo. Mgongo huo mbona haukukuzuia kucheza ngoma harusi ya Kulwa mpaka watu wakakushika? Shija anashuka kwa sababu yeye ni wa mwisho na hawezi kukukatalia. Mimi ningekuwa hapo ungenishusha mimi, na mimi pia nisingekukatalia, kwa hiyo nakukatalia kwa niaba yake nikiwa huku ambako mkono wako haufiki.

Kama umesoma mpaka hapa na bado unaamini kamba ile ni nzima, sitabishana nawe. Nenda shimoni. Tia mguu wako wewe kwenye kitanzi, Shija na wenzake washike juu, ushuke. Ukifika ukingoni, ukachungulia chini, ukajikuta unatafuta sababu ya kurudi nyuma, basi jibu umelipata kwa mguu wako mwenyewe. Chukua kisu uikate, tena mbele yake, aone ni wewe uliyeikata.

Hasira yangu utanisamehe au hutanisamehe, shauri yako. Nitakuja kukupigia magoti msimu wa wageni ukiisha, na faini ya mbuzi nitaitoa mbele ya wazee bila kubisha, ila nataka nikija nikukute na wadogo zako wote.

Mayu msalimie sana, lakini usimsomee barua hii. Mwambie Doto anakula vizuri na anakumbuka michembe yake ya viazi. Shemeji Mama Nyamizi mwambie nimepata kitenge, kitakuja na kamba, asidhani ni cha kufungashia. Pacha wangu Kulwa huko Ushirombo mpelekee habari kwamba niko salama, na mwambie mumewe namdai barua. Baba mdogo, yule kinyozi wa pale sokoni, mpe mkono wangu.

Shija naye ana salamu zake, nzito kuliko za wote. Lakini usimpigie kelele za salamu akiwa ndani ya shimo. Mpandishe kwanza, akanyage ardhi kwa miguu miwili, aachie kamba, ndipo umpe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira nawe na asiye na kaka mwingine,

Doto