Mutua Nimempata Garissa

Dada Ndunge,

Pokea salamu kutoka kwenye joto hili la Garissa. Kaka yetu nimempata. Dereva wa tuktuk alinifikisha kwenye kantini moja ya wafanyakazi wa serikali, akabaki nje. "Bole sana, dada," aliniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Mwalimu Mutua alifundisha mtoto yangu. Walahi, ni mtu mzuri."

Ndani kuna mabomba sita ya bia ya kegi, na saa sita mchana meza zote zilikuwa na watu. Mutua alikuwa peke yake. Amekonda mpaka kola ya shati inampwaya. Alinikaribisha kwa adabu kama mzazi aliyefika shuleni, akaniagizia mbuzi choma na ugali. Yeye hakugusa kitu. Alishika gilasi yake kwa mikono miwili isimwagike, akaniambia aliachishwa kazi mwaka jana.

"Twende nyumbani," nikamsihi. "Mama anakuulizia kila siku."

"Mama anamngoja mwalimu," akajibu. "Mwambie nimehamishiwa Rhamu, kule mpakani, na huko simu inasumbua." Kisha akainua mkono aongezewe bia.

Nimeamua kukaa hapa wiki nzima. Kila mchana nitakwenda kula mezani pake, hata akininyamazia. Mama usimsomee kadi hii. Mwambie tu nimemwona kwa macho yangu na yu hai. Wakumbatie watoto, nami niombee nisichoke.

Mdogo wako,
Syombua