Mguu Kwenye Breki

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wazima, na goti la bibi yako limetulia.

Umeuliza kama ni kweli niliwahi kuendesha pikipiki kwa tairi moja. Ni kweli, hapa hapa Kariakoo, enzi zile Jumapili mchana magari yalikatazwa barabarani ili kuokoa petroli. Tulicheza asubuhi, kabla ya saa hiyo.

Nilikuwa na haya mno. Shule ilinipa Kiswahili na Kiingereza, lakini mbele ya binti wa duka la khanga vyote viwili vilinikimbia. Nikaona bora pikipiki inisemee.

Kaka Elia, mwenye pikipiki, alinicheka. "Bubu wee, kunyanyua kila mtu ananyanyua! Mguu usitoke kwenye breki ya nyuma. Ukiona unapinduka, gusa, tairi litashuka." Akanifundisha kushusha tairi tu, Jumapili baada ya Jumapili, nami nikinuna.

Siku binti alipokaa kibarazani, nikafungulia mafuta. Tairi la mbele likapaa, nikaona anga tupu, nikajua naanguka. Mguu ukagusa breki. Tairi likatua taratibu mbele yake.

"Nani kakufundisha kutua hivyo?" akauliza.

"Kaka," nikajibu. Neno moja tu, lakini lilitoka.

Haya hazijaniisha hadi leo, mjukuu wangu. Ila najua breki iko wapi.

Binti mwenyewe anasoma hapa begani kwangu. Anasema nikuambie kwamba alikuwa amefumba macho.

Babu yako