Laptopu Itakayoonekana Hadi Viti vya Nyuma

Fundi Najib, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi kamati inakwenda dukani kulipia, na kitu kikishalipiwa mimi sina tena mdomo wa kusema.

Nina miaka ishirini na tisa, kwetu ni Utange lakini nimepanga chumba Bombolulu karibu na kazi, natembea kwa magongo tangu nikiwa na miaka minne, na hilo silisemi unihurumie, nalisema kwa sababu bila hilo barua hii haitaeleweka. Nimetunga shanga katika karakana moja ya kazi za mikono kwa miaka sita, na mwezi uliopita msimamizi wetu, Bi Agneta, akaniita akaniambia kwamba kuanzia tarehe mosi Januari nitakuwa napiga picha za bidhaa na kuandika oda za wateja wa mbali, asubuhi niwe karakana, mchana nizunguke majumbani kwa mafundi wetu wa Utange, na siku moja kwa wiki nivuke feri niende Shika Adabu kwa kina mama wanaotusukia vikapu, na hiyo ni miezi mitatu ya kujaribiwa, nikiiweza kazi ni yangu, nikishindwa atampa mwingine nami nirudi kwenye shanga. Sharti lake lilikuwa moja tu, nije na laptopu yangu mwenyewe.

Wenzangu wa kwaya ya kanisa waliposikia walifurahi kuliko mimi, wakachanga bila hata kuombwa, na mwenyekiti wetu Kioko, ambaye ni dereva wa malori ya makontena Changamwe na ni mtu mwema sana, akanipigia simu akaniambia niandike ninachotaka, wao watanunua kipya dukani. Hapo ndipo nilipokosea, fundi. Niliona haya kusema sijui, nikamwuliza binamu yangu Changawa anayehariri video za harusi, akanitajia sifa za laptopu yake, nami nikazinakili neno kwa neno, Core i7, kioo cha inchi kumi na saba, kadi kubwa ya grafiki, nikamtumia Kioko kana kwamba nimezaliwa nayo mambo hayo. Kamati ikaipenda mno. Kanisani kwetu zawadi haitolewi kimyakimya, huinuliwa juu ikapitishwa kwa wimbo kutoka mlangoni hadi madhabahuni, na Kioko akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba laptopu hii itaonekana hadi viti vya nyuma, wala hakuna atakayeuliza mchango wake ulikwenda wapi.

Sasa Changawa aliniazima yake siku mbili nijizoeze, nikaitia kwenye begi la mgongoni nikaenda nayo kwa Mama Mbeyu, yule anayetuchongea vijiko kule Utange, na mbele ya mlango wake kuna mtaro uliowekewa ubao, nikakanyaga ubao, begi likaniyumbisha upande mmoja, gongo likateleza, nikaanguka. Laptopu haikupata hata mkwaruzo, goti langu lilivimba wiki nzima. Kwaya nzima niliiambia niliteleza bafuni, na Mama Mbeyu nikamsihi asiseme.

Fundi, miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu wale msinibebee, naweza, na wakanielewa wakaacha kunibeba. Nikisema leo kwamba laptopu ni nzito wataanza tena, na habari zikimfikia Bi Agneta ataona kazi ya kuzunguka si yangu. Halafu orodha niliiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na zawadi haichaguliwi mara mbili. Nimewaza labda niipokee tu kisha ninunue begi la magurudumu. Nishauri, na kama kuna nyepesi inayonifaa niambie ni ya namna gani, ila sijui nitaanzaje kusema.

Nyevu, Bombolulu

*

Marahaba, Nyevu. Jina lako nimelibadilisha, na la mwenyekiti pia, lakini Mombasa hii sote tunajuana, kwa hiyo usikae ukitumaini gazeti likusemee. Ukurasa huu hutoka Jumanne. Una leo na kesho.

Kwanza pole kwa goti. Pili, hilo begi la magurudumu utalivuta kwa nini, kwa meno? Mikono yako miwili ina kazi tayari. Nimekaa kwenye kiti cha ufundi hapa Kisauni miaka kumi na minane, nimeletewa laptopu zilizomwagiwa uji, zilizokaliwa na shangazi, moja ilikuwa na kiota cha mende ndani, na wallahi sijaona iliyomsumbua mwenyewe kama hii yako ambayo hata haijanunuliwa.

Nianze na Changawa, maana yeye ndiye chanzo ingawa hana kosa. Binamu yako anahariri video za harusi. Anakaa mahali pamoja, mezani, na waya umechomekwa ukutani. Mtu huyo anahitaji ile kadi kubwa ya grafiki, na kioo kipana, na feni inayovuma kama mvukuto wa mhunzi. Wewe unapiga picha za vijiko na vikapu, unazipunguza, unaandika maelezo, unatuma. Kadi ile kwako ni mzigo tu. Inakula betri, inachemsha mapaja, na ndiyo sababu kubwa ya chaja kuwa kama nusu tofali. Uliomba kiatu cha mtu mwingine kwa sababu uliona haya kutaja namba ya mguu wako.

Sasa shika kalamu. Uzito wa laptopu usipite kilo moja na robo, na ukiongeza chaja yake usipite kilo moja na nusu. Uulize uzito wa chaja pia, wauzaji huusahau kwa makusudi. Kioo ni inchi kumi na tatu au kumi na nne, basi, na kiwe cha kuonyesha rangi sawasawa, maana mteja akiagiza kikapu cha rangi ya machungwa kikamfikia chekundu atamlaumu Bi Agneta, na Bi Agneta atakulaumu wewe. Mwangaza wake uwe niti mia nne. Utafanya kazi vibarazani mwa watu saa nane mchana, na kioo chenye mwangaza wa niti mia mbili hamsini kwenye jua letu ni kama kujitazama kwenye sufuria.

RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB kumi na sita, na hapa usikubali kubembelezwa. Muuzaji atakwambia chukua ya nane, utaongeza baadaye. Kwenye laptopu nyingi hizi nyembamba imelehemewa kwenye bodi, hakuna baadaye. Watu wananijia na machozi kwa sababu ya neno hilo. Hifadhi iwe SSD ya GB mia tano na kumi na mbili. Prosesa, usiilalie hiyo i7 kama hirizi. Core i5 au Ryzen 5 ya mwaka huu au mwaka jana inaishinda i7 ya miaka saba iliyopita, na maduka yetu yamejaa i7 kongwe zilizopigwa msasa. Tazama ni toleo la lini, usitazame namba kubwa kwenye stika. Betri iwe ya saa za wati (Wh) hamsini na tano kwenda juu, kwa sababu kule Utange umeme unajua mwenyewe unavyojiendea. Na ichajiwe kwa USB-C, lile tundu dogo la simu, ili chaja iwe ya kutosha kiganjani, na siku umeisahau uazime ya mtu.

Dhamana wakuandikie ya kutengenezewa hapa hapa Mombasa. Ile ya kupeleka Nairobi usubiri wiki sita itakukuta miezi yako mitatu imekwisha.

Mambo ya karatasi yamekwisha, yaliyobaki utayafanya mwenyewe dukani, na nasema mwenyewe, usitume mtu. Ifungue laptopu kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, mwingine uko kwenye gongo. Ikikubali kufunguka na kitako kikabaki mezani, bawaba zake ni nzuri. Ikiinuka yote, irudishe. Kisha itie kwenye begi lako, pamoja na chaja na kamera na chupa ya maji, kaza mikanda yote miwili, na begi lenye ule mkanda wa kifuani usiliache, kwa sababu lililokuangusha ni kuyumba zaidi ya uzito. Halafu tembea. Toka dukani, shuka ngazi kama zipo, nenda hadi barabarani urudi. Muuzaji akisema bidhaa haitoki mlangoni, mwambie mmoja wao akufuate. Akikataa, Mombasa ina maduka.

Na usiogope kwamba nyepesi itawapandishia gharama waliochanga. Ukiiondoa kadi ya grafiki na zile inchi kumi na saba, fedha ile ile inatosha.

Haya, sasa nikuseme kidogo, nawe uvumilie.

Unasema zawadi haichaguliwi mara mbili. Kweli, haichaguliwi hata mara moja, lakini wewe uliulizwa. Mtu mzima alikupigia simu akakuuliza unataka nini, ukamjibu kwa kinywa cha binamu yako. Hiyo adabu unayojifunika nayo mimi naijua, nimeoa ndani yake. Ni kiburi kilichooga kikavaa kanzu. Hukutaka Kioko ajue kwamba hujui RAM ni nini. Dada yangu, Kioko mwenyewe hajui. Anajua kontena la futi arobaini, na ndiyo maana kitu kizito kwake ni kitu cha maana.

Na hilo la kuogopa kubebwa. Mawakili wanakuja kwangu kila wiki, maafisa wa bandari, walimu, watu wa miguu yao miwili mizima, na neno la kwanza wanaloniambia ni fundi nitafutie nyepesi. Hakuna anayewahurumia. Mgongo ni mgongo. Wewe ukiomba nyepesi unaomba chombo cha kazi kama fundi yeyote anavyochagua nyundo yake, na msimamizi mwenye akili ataona kwamba amempata mtu anayeijua kazi yake kabla hajaianza. Atakayekutilia shaka ni yule atakayekuona Januari umekaa chini karibu na mtaro wa Mama Mbeyu, laptopu nzima, goti limevunjika.

Viti vya nyuma visikutie wasiwasi. Wakitaka ionekane, waipigie picha waionyeshe ukutani kwa ile projekta ya nyimbo, ionekane kubwa kuliko mlango. Kwaya haikuchanga ili itazame kompyuta. Ilichanga ili tarehe mosi ufike kazini, na tarehe mbili ufike tena.

Kwa hiyo ukishalisoma hili, mpigie Kioko. Mpigie kwa sauti, usimwandikie, maana ukiandika utaanza na aya mbili za samahani naye atakuwa barabarani na lori. Mwambie orodha ile haikuwa yako, hii ndiyo yako, na unaomba Alhamisi uende nao dukani. Atakuuliza kwa nini, na hapo utataka kumwambia neno zuri la kiufundi ulilolipata kwangu. Usimwambie. Mambo ya kilo na niti ni ya muuzaji. Yeye ni rafiki yako.

Mwambie ulianguka, na si bafuni.

Fundi Najib