Wateja Nimewapa Namba Yako

Baba watoto,

Chakula cha mchana kiko jikoni, kipashe moto. Sare za watoto hazijapigwa pasi. Kama hujui pasi iliko, waulize wao.

Mimi nimekwenda kwa dada. Nitarudi ~~kesho~~ Jumapili jioni.

Leo asubuhi nilipojishona kidole, uliinua macho kwenye simu ukasema, "Kazi yenyewe ya kukaa tu, unachoka nini?" Watoto wakacheka. Nilikuwa kwenye cherehani tangu alfajiri, siku ya kumi na moja mfululizo. Muuguzi aliyenichomoa sindano aliniuliza mara ya mwisho nilipumzika lini. Nikalia mbele za watu.

Basi napumzika. Na kwa kuwa ni kazi ya kukaa tu, wateja wote nimewapa namba yako. Wameshaanza kupiga? Usizime simu, watakufuata mlangoni.

Nikirudi, nitashona magauni mawili tu kwa siku, kila saa nitasimama ninyooshe mgongo, na saa kumi jioni nafunika cherehani. Atakayepokea oda ya ziada ataishona mwenyewe.

~~Samahani kwa usumbufu.~~ Hapana, sikuombi samahani.

Bibi harusi anakuja kesho saa nne kupima gauni. Anakuja na mama yake na shangazi zake watatu. Gauni bado halina mikono. Waeleze vizuri.

Mama watoto