Fungu la Tatu

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Hapa Ujiji nyumba ni kimya tangu tumzike dada yangu, bibi yako Tatu. Mama yako amesharudi Kibirizi kuuza dagaa.

Umeniuliza kama ununue vidonge vya kung'arisha ngozi vinavyouzwa huko Dodoma, au ule tu mboga na matunda. Vidonge sivijui. Ninachokijua ni hiki.

Tatu alipochumbiwa, nilimwambia aache mawese na sombe, kile kisamvu chetu, kwamba chakula chenye rangi kinatia weusi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona najua. Akaniamini. Kwa miezi alikula wali mweupe na ugali wa muhogo na chumvi. Mama akimsogezea bakuli la sombe, analirudisha, nami nakula fungu lake. Siku ya harusi ngozi yake ilikuwa imepauka kama majivu na fizi zinamtoka damu. Wageni wakanisifu mimi kwa kung'aa. Hakuwahi kunilaumu, nami sikuwahi kumwomba radhi.

Wiki iliyopita, akiwa hoi kitandani, aliomba sombe yenye mawese. Nikamlisha kwa mkono wangu. Alikula matonge matatu, akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, leo hujala fungu langu."

Kesho yake hakuamka. Tulipomwosha, midomo yake ilikuwa bado na wekundu wa mawese, na mimi ndiye niliyeufuta.

Kula mboga zako, mama.

Bibi yako,
Mwajuma