Viazi vya Tui

Mjukuu wangu Nuru,

Urithi ni kile alichokiacha marehemu kwa hiari, na aliye hai akakubali kukipokea.

Hapa Guangzhou majira ya kuchipua yameingia na kuta zinatoka jasho. Mjomba wako hajambo. Yuko bandarini Huangpu. Umeniomba pishi la Kiairishi la baba yangu, ulipike huko Dublin kwenye sikukuu yao ya Machi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Unguja. Siku ya sikukuu hiyo, baba alialika Waairishi wenzake. Mama alikosa siagi, akaponda viazi na kabichi kwa tui la nazi. Baba alionja, akasukuma sahani.

"Bi Zuhura, hiki chakula cha kwetu au cha wagonjwa?"

Wageni walicheka. Nami nilicheka.

"Basi mwakani apike mamako," mama alijibu, akaondoa sahani zote. Hakukipika tena hadi alipofariki, na sikumwomba radhi.

Jana nilinunua tui mtaani Xiaobei, nikakipika. Ni kitamu kuliko cha siagi. Ningeweza kukuandikia pishi hilo, lakini mama hakutuachia chakula hicho, alikiondoa mezani. Je, tunaweza kurithi tulichokicheka?

Babu yako