Begi Alilotoka Nalo Geoffrey

Kwa Mama, Gesima,
Nyamira.
8 Juni 2025.

Mpendwa kaka Nyakundi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na majani chai. U hali gani na hiyo kazi yako ya zamu? Lavender na watoto hawajambo? Sisi ni wazima wa mwili, ila mimi moyo ndio mgonjwa.

Mama alitolewa mtoto wa jicho kule Nairobi na sasa anaona. Jana alinikemea kwa kuvaa sweta iliyotoboka, nikajua kweli amepona.

Najua mume wangu Geoffrey alikupigia simu, ndiyo maana ukanitaka nirudi kwake Keumbu. Hii ni wiki ya tatu niko hapa. Kaka, ulisikia upande mmoja ukahukumu, nawe ndiye niliyekutegemea. Imeniuma.

Ilikuwa hivi. Nilimkabidhi Geoffrey mama yetu, aliyekuwa haoni, ampeleke hospitali kwa ndege kutoka Kisumu. Walipotua Nairobi gurudumu likashika moto, moshi ukaingia ndani. Wahudumu wakapiga kelele watu waache mizigo watoke. Geoffrey akasimama, akafungua kabati la juu, akavuta begi lake huku watu wamekwama nyuma yake, kisha akatoka nalo. Mama akabaki kitini akimwita. Aliyemtoa ni Mehul, yule mwenye duka la vitambaa Kisii mjini, na mzigo wake mwenyewe akauacha humo. Ndiye aliyenisimulia.

Nimewaza sana kwa nini watu hushika mabegi ndege ikiungua. Mehul anasema karibu nusu yao walifanya hivyo. Mkono hufuata mazoea. Ukiambiwa shuka, unachukua chako. Na hofu haina akili. Geoffrey angesema tu, "Edinah, niliogopa," ningelia naye yakaisha.

Lakini aliniambia, "Ningemshikaje mama mkwe? Hiyo ni chinsoni, mkwe hamgusi mama mkwe, mnataka nivunje heshima?" Mtu aliyetaka kutuma mahari kwa simu ili asikae na wazee, leo ndiye mlinzi wa mila! Na mama akamwamini. Anawaambia majirani kwamba ana mkwe mwenye adabu. Wewe pia ukamwamini.

Juzi tulikuwa tukichambua mboga za chinsaga, mama akaanza tena kumsifu. "Huyo mtoto ni mzuri. Tulipopanda ndege alinishika mkono ngazi yote, akanifunga na mkanda."

Nikaendelea kuchambua, nikijiuliza chinsoni ilikuwa wapi pale ngazini. Macho yake yamefunguka juzi tu, sikutaka aanze kwa kuona hilo.

Basi usinisihi tena nirudi. Akikupigia, mwambie aje hapa Gesima, aketi mbele ya mama, aseme mwenyewe kwamba aliogopa akamwacha. Asipoweza hilo, abaki na begi lake.

Nisalimie Lavender, na umbusu Joyline mdogo kwa niaba ya bibi yake. Mungu awafunike huko ugenini, na akupe mtu wa kukushika mkono siku ya moshi.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata nikikukasirikia,
Edinah